Mashine ya Marekani, Stima ya Kenya: Soma Kibandiko Kabla ya Kuchomeka

Katika miji ya Migori na Homa Bay, ni vigumu kupita mtaani bila kumwona fundi wa jua kali akichomelea mlango, akiranda mbao au akitengeneza mashua ya wavuvi. Wengi wao hutumia mashine za mkono zilizotoka ng'ambo: drili, msumeno wa stima, randa na ile mashine ya kukatia chuma ambayo wao huiita grainda. Baadhi zimenunuliwa zikiwa zimetumika, na nyingine zimetumwa na jamaa wanaoishi Marekani. Ni zawadi ya maana, lakini mwenye kuitumia asipoielewa inaweza kumtia kilema au kumuua.

Stima si moja duniani

Watu wengi hudhani kwamba stima ni stima. Sivyo. Hapa Kenya, stima ya nyumbani ni ya volti 240, nayo hugeuza mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Marekani hutumia volti 120 na mara 60 kwa sekunde. Japani hutumia volti 100. Mashariki mwa nchi hiyo ni mara 50, na magharibi ni mara 60.

Volti ni nguvu inayosukuma stima ndani ya waya, kama vile tangi lililoinuliwa juu linavyosukuma maji kwenye bomba. Chombo kilichoundwa kwa volti 120 kikichomekwa kwenye volti 240, ni sawa na kufungulia bomba jembamba maji ya tangi lililo juu maradufu.

Kinachotokea ndani ya mashine

Jambo la kwanza ni joto. Chombo chenye waya wa kupasha moto, kama kile cha kulehemu risasi, hutoa joto mara nne ya kawaida. Mota nayo huungua haraka. Utando unaofunika nyaya zake huyeyuka, moshi hutoka, na moto unaweza kushika mbao na rangi zilizo karibu. Utando huo ukishaharibika, stima inaweza kufika kwenye chuma ambacho fundi amekishika.

Jambo la pili ni mwendo. Grainda ya Marekani ikitiwa volti 240 huzunguka kwa kasi isiyokusudiwa. Diski ya kukatia ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa isizidishe mizunguko 13,300 kwa dakika. Ikipita hapo, inaweza kupasuka na vipande vyake kuruka kama risasi, vikilenga macho, uso na shingo. Jicho likishapasuliwa, huenda mgonjwa asipate kuona tena hata akitibiwa.

Plagi si kinga

Plagi ya Marekani ina vyuma viwili bapa, nayo haiingii katika soketi zetu za matundu matatu. Kutoingia huko ni onyo. Hata hivyo, wengine huingiza kalamu katika tundu la juu ili matundu mengine yafunguke, au hukata plagi na kukaza nyaya tupu kwa njiti za kiberiti. Hapo fundi huwa ameondoa kinga ya mwisho.

Kubadilisha plagi pia hakubadilishi volti. Wala usidhani kwamba kila chombo cha Uingereza kinafaa kwa sababu stima yao ya nyumbani inakaribia yetu. Mafundi wa ujenzi huko hutumia vyombo vya volti 110 vyenye plagi ya manjano. Transfoma yao imeunganishwa na ardhi katikati, hivi kwamba anayegusa waya mmoja akiwa amesimama chini hupigwa na volti 55 tu. Chombo hicho kikiletwa hapa bila transfoma yake, huwa hatari kama kile cha Marekani.

Je, transfoma inatosha?

Transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120 husaidia, mradi uwezo wake kwa wati uzidi ule wa mashine. Drili ya wati 700 yafaa kupewa transfoma ya wati 1,000 au zaidi. Chagua ile yenye misokoto miwili ya waya isiyoungana. Ile ya bei nafuu yenye msokoto mmoja haikutengi na laini ya nje. Waya wake ukikatika ndani, volti 240 kamili zaweza kufika kwenye mashine.

Kumbuka pia kwamba transfoma haibadilishi zile mara 60 kuwa 50. Drili na grainda zenye kaboni hazidhuriki kwa hilo. Lakini mota zisizo na kaboni, kama za pampu nyingi na mashine za kunolea za mezani, hupungua mwendo kwa sehemu moja kati ya sita na huchemka.

Kwa vyombo vya betri, angalia chaja. Ikiwa kibandiko kinaonyesha volti 100 hadi 240 na mara 50 na 60, haihitaji transfoma. Ikiwa ni 120 pekee, usiichomeke.

Stima mwilini

Drili ya wati 700 hutumia takriban ampea tatu kwenye volti 240. Swichi maalumu ya usalama, inayokata stima inapovuja, hukata kwenye sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea moja. Yaani, sehemu moja kati ya mia ya stima ya drili hiyo yatosha kuhesabiwa kuwa tishio kwa moyo. Fyuzi ya ampea 13 hulinda waya, haimlindi mtu. Fundi mwenye jasho, au aliyesimama kwenye mchanga uliolowa ufuoni Homa Bay, hupitisha stima kwa urahisi zaidi. Misuli ya mkono hukaza, akashindwa kuachilia chombo.

Mtu akipigwa na stima

Usimguse kwanza. Zima stima kwenye swichi kuu. Isipowezekana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, tuma mtu aite msaada na ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, unga wala dawa ya meno.

Hata akiinuka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali. Stima huweza kuunguza misuli ndani na kuvuruga mapigo ya moyo huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu.

Kabla ya kuchomeka mashine yoyote mpya, basi, igeuze na usome kibandiko chake. Kama hakisomeki, mwite fundi wa stima mwenye leseni aipime. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jicho au uhai.