Mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa

Ndugu wafanyakazi, miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku ni kali huku kwenye milima ya chai, Teza na Rwegura nchini Burundi. Kila jioni kambini mbabula huwashwa nje, makaa yakiwa mekundu huingizwa chumbani, mlango hufungwa, na matundu ya hewa chini ya bati huzibwa kwa magunia. Hatumlaumu mtu. Sakafu ni ya saruji na watoto wanatetemeka. Sisi wenyewe tumelala hivyo miaka mingi.

Lakini yafaa tujue linalotendeka humo. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, na chumba kikikosa hewa safi sumu hiyo huzidi. Haina rangi wala harufu, haichomi macho kama moshi wa kuni. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita oksijeni mara 200 na zaidi. Basi mtu anapumua, lakini mwili haupati hewa. Aliye usingizini huenda asiamke kabisa.

Dalili zake ni kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Ndiyo maana twadhani ni malaria. Mmoja wetu alimeza dawa ya malaria mara mbili katika mwezi mmoja, na mkewe na watoto wakilalamikia kichwa asubuhi zile zile. Ikifika saa nne, wakiwa nje, wote wamepona. Malaria gani hiyo ya kuwashika watu wote wa nyumba usiku mmoja na kuwaachilia mchana?

Wako wanaoweka beseni la maji kando ya mbabula, wakisema maji yatameza sumu. Hayamezi. Kumlaza mtoto juu au chini hakusaidii pia, kwa kuwa uzito wa hewa hiyo ni karibu sawa na wa hewa ya kawaida, nayo huenea chumba kizima.

Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo chumba chataka tundu la juu la kuitoa, na nafasi nyingine ya chini, upande wa pili, ya kuingizia hewa safi. Hata hivyo, mbabula itolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa majivu, maana bado yanatoa sumu. Joto la usiku tulitafute kwingine: kitanda kiinuliwe kutoka kwenye saruji, mikeka itandikwe chini ya bati iwe dari, na chupa ya maji ya moto ifungwe kwa kitambaa na kuwekwa miguuni.

Mkimkuta mtu amezimia, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba mbabula ilikuwa ndani.

Tusisahau kwamba nyumba hizi si zetu. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unahusu mashamba makubwa. Unataka serikali iweke kanuni za nyumba za wafanyakazi, pamoja na upitaji wa hewa na mahali pa kupikia. Wajumbe wa kila kambi wahesabu nyumba zisizo na dari, zisizo na matundu, na zisizo na jiko la nje. Hesabu hiyo iletwe kwenye kikao na mwajiri kabla ya Juni.