Mfinyanzi wa Fumba

Paukwa! Najua mmeshajibu pakawa, mnamngoja sungura na fisi. Leo nawaletea mtu aliyeishi kweli. Alizaliwa mnamo 1880 Fumba, kijiji cha pwani kusini mwa mji wa Unguja, akaitwa Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa binti Saad. Siku hizo utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Ulipokuja kufutwa mwaka 1897, yeye alikuwa keshakuwa msichana. Hebu fikirini: unaitwa jina hilo kila asubuhi, utumwe maji kisimani, na anayekuita anakupenda.

Kwao walikuwa maskini, riziki yao ilitoka kwenye udongo. Mmewahi kumtazama mfinyanzi akiwa kazini? Udongo anauloweka, anaukanda, anavitafuta kwa vidole vijiwe vilivyojificha ndani, maana kijiwe kimoja kikisahauliwa chungu kitapasuka motoni. Akishakifinyanga hukianika kwa subira, ndipo akichome. Kikitoka motoni hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Na baada ya taabu yote hiyo vizuri vinauzwa, yeye na wanawe wanapakua kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Ndiyo maana wazee wakasema mfinyanzi hulia gaeni.

Binti Saad alijitwika vyungu kichwani akavitembeza kwa miguu mpaka mjini, na njiani akiimba. Watu walikuwa wakiisikia sauti kabla hawajamwona mwenye vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja.

Shule hakusoma, kuandika hakujua. Taarabu nayo wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Wanamuziki wakamfundisha, naye akayashika maneno kwa moyo, moja baada ya jingine, kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: akaiimba taarabu kwa Kiswahili, mpaka mchukuzi na mwuza samaki wakaielewa. Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake wakaenda Bombay, India, kurekodi santuri. Zikapigwa pwani yote. Mtumwa sasa anaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wenye wivu walimtungia wimbo wa kumsimanga: kwamba sura hana, ukoo hana, kwamba alikuja mjini hana nguo ya maana, na lau si sauti angekula nini.

Wanangu, hapa tusimame kidogo. Ningekuwa mimi, umri wenu, ningelia. Au ningetafuta babu wa kuazima, nijidai natoka nasaba kubwa. Wengi mjini walifanya hivyo. Siti hakukana hata moja. Sura ndiyo hii, Fumba ndiko kwetu, vyungu nimeuza. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, akasema uzuri na nasaba si kitu mbele ya akili. Aliyekuja kumvua nguo alimkuta hana alichokificha.

Lakini msije mkadhani kuridhika ni kukaa kimya. Sura yako hukuichagua, wazazi wako hukuwachagua, hayo yapokee. Dhuluma ya mtu kwa mtu haimo katika hayo, na Siti alilijua hilo vizuri. Upo wimbo wake uitwao Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji akavuka bahari akaponyoka, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti aliiimba habari hiyo waziwazi, katika nchi ya sultani iliyokuwa chini ya Waingereza, na waliokuwa hawana pa kushitaki wakawa nayo midomoni. Mwanamke yule yule aliyeyapokea matusi juu ya uso wake bila kutetereka, hakuipokea hukumu ile.

Mkitukanwa kwa jambo mlilozaliwa nalo, mkumbukeni. Na mkimwona mwenzenu anaonewa mkataka kusema "ndiyo dunia", mkumbukeni pia, msiseme hivyo.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliandika kitabu cha maisha yake, kitafuteni maktaba. Nyimbo zake zilibaki kwa Bi Kidude, aliyeziimba mpaka uzeeni kabisa. Na wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti.