Dhahabu yachemsha, niobiamu yapeta!

Juzi nilikuwa Buhemba, kule Butiama mkoani Mara, kumwona mtoto wa baba mdogo. Dogo kaacha shule akiwa fomu two, siku hizi anaosha mchanga wa dhahabu. Nikamkuta kachuchumaa mbele ya karai, anapitisha kisumaku alichochomoa kwenye spika mbovu. Chembe za chuma zinanasa, dhahabu inabaki.

"Braza, umeona? Dhahabu haibabaishwi na sumaku," akatamba.

Nikamwambia hicho kisumaku chake cha mtoto. Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye kituo cha CERN, kuna handaki lenye mzunguko wa kilomita 27. Humo ndimo ilimo mashine ya kukimbiza protoni, vitu vidogo kuliko atomu, karibu kwa kasi ya mwanga na kuzigonganisha. Sasa kitu chenye mbio hizo utakikatishaje kona? Kwa sumaku! Zipo 1,232 za kazi hiyo, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35. Nguvu yake inazidi ile ya sumaku ya dunia zaidi ya mara 100,000.

Ni sumaku za umeme, na hapo ndipo penye kazi. Zinahitaji ampea zaidi ya 11,000. Waya wa shaba wa unene ule ungeungua. Ndiyo maana wasanifu walichagua waya wa niobiamu na titani, unaopozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo umeme unapita bila kupotea.

"Mbona wasitumie dhahabu? Hela si wanazo?"

Nikacheka. Dhahabu inapitisha umeme vizuri, lakini hata uipoze vipi, haiachi kuukwaza kidogo. Hapo inachemsha. Niobiamu ndiyo inapeta, na kumbe hata sisi tunayo, imelala kwenye kilima cha Panda karibu na Mbeya.

Lakini si lelemama. Waya ukicheza kidogo tu unapata joto, sumaku nzima inazima. Septemba 19, 2008, kiungo kimoja kibovu kati ya sumaku mbili kilipiga cheche, heliamu ikafumuka, na sumaku 53 zikabidi zitolewe handakini.

"Wakafunga virago?"

Wapi! Walitengeneza zaidi ya mwaka, mashine ikarudi kazini Novemba 2009. Mwaka 2012 ikaipata chembe ya Higgs, iliyotabiriwa tangu 1964.

Dogo akanyamaza, karai mkononi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Braza, hayo ya sumaku na umeme yanasomwa fomu ngapi?"

"Mimi niliyakuta fomu two."

"Aa. Palepale nilipoachia."

Sikumjibu. Ila jioni, nilipoaga, aliniomba kitu kimoja tu: nimtafutie kitabu cha fizikia.