Surua Isiyo na Vipele

"Sista, mmesema seli nyeupe zimejaa kwenye damu ya mwanangu. Mbona basi mafua tu mnayaogopa hivi?" Mama aliyetoka Kilombero aliniuliza hivyo wodini, na sijasikia swali zuri kuliko hilo hata kwa wanafunzi wa udaktari.

Zimejaa, mama, ila hazijui kazi. Katika lukemia, uboho humwaga seli changa zisizokomaa, zikawasonga askari wa kweli. Kisha tunakuja sisi na dawa zetu, vinkristini, deksamethasoni, methotreksati, ambazo huangusha hata limfosaiti nzima. Virusi hujificha ndani ya seli za mwili, na wa kuzisaka seli hizo na kuziua ni hasa limfosaiti ziitwazo seli T. Dawa zikiisha, seli T huchukua miezi kurudi.

Ninachokiogopa zaidi ni surua. Vile vipele mnavyovijua hutokea seli T zinaposhambulia ngozi iliyoambukizwa. Mtoto aliyepungukiwa seli T anaweza asitoke hata kipele kimoja, huku virusi vinamaliza mapafu. Mwaka 1959 John Enders na wenzake, Boston, walivikuta virusi vya surua kwenye mapafu ya watoto waliokufa kwa nimonia bila vipele. Tetekuwanga nayo hushuka hadi ini na mapafu, lakini kwa hiyo tuna asikloviri, ikianzwa mapema. Surua haina dawa ya namna hiyo.

Ndiyo maana hatungoji vipele. Joto likifika nyuzi 38, njoo hata kama ni saa nane usiku. Usimpe panadol ukasubiri kukuche.

Chanjo ya surua hatumpi akiwa kwenye dawa, maana ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kinga yake iko kwa wanaolala naye chumba kimoja. Baadhi ya wazazi huacha kuwachanja wadogo zake wakidhani chanjo itamwambukiza mgonjwa. Chanjo ya surua haifanyi hivyo. Matone ya polio ndiyo ya kuuliza kwanza, kwa kuwa virusi vyake hutoka kwa njia ya choo.

Kwa hiyo mama, ukirudi nyumbani toa kadi za kliniki za watoto wengine wote. Asiyepata chanjo ya surua ya miezi 9 au ile ya miezi 18, mpeleke wiki hiihii.