Mchanga wa Mto na Mipaka ya Uhuru

Kila unapozuka ugomvi wa mchanga katika Kitui na Makueni, husikika kauli moja: shamba ni langu, na mchanga ulio mbele yake ni wangu. Kauli hii si ya kubezwa. Tangu John Locke wa Uingereza, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, watetezi wa uhuru wa mtu binafsi wameshikilia kwamba mtu anamiliki nafsi yake, jasho lake na mali aliyoichuma kwa haki. John Stuart Mill akaongeza mwaka 1859 kwamba dola haina ruhusa ya kumlazimisha mtu ila kuwakinga wengine na madhara.

Ugumu umo katika neno hilo, madhara.

Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Mvua ikikatika, mgeni hudhani maji yamekwisha, kumbe yamejihifadhi ndani ya mchanga, mbali na jua. Akina mama huchimba hapo na kuteka. Ndiyo maana Kitui pamejengwa mabwawa mengi ya mchanga: ukuta huziba mto, mchanga hujikusanya nyuma yake, na maji hukaa humo hadi kiangazi. Basi anayepakia mchanga huo kwenye lori anabeba pia ghala la maji la jirani aishiye upande wa chini wa mto, jirani ambaye hakuulizwa wala kulipwa.

Robert Nozick, Mmarekani aliyeitetea mali ya binafsi kwa ukali kuliko wengi, aliandika mwaka 1974 kwamba mtu hawezi kukitwaa kisima pekee cha jangwani akatoza bei aitakayo. Hata aliyekimiliki kwa haki, visima vingine vyote vikikauka, haki yake hupungua. Kwake huo ulikuwa mfano wa darasani. Makueni ni mambo ya kila Septemba. Sheria ya mchanga ya Makueni ya mwaka 2015, kwa maoni yangu, ingeweza kutiwa sahihi na Nozick mwenyewe.

Lakini hoja hiyo hukata pande mbili. Mapema mwaka 2018, Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya Kitui, lori la makaa lilichomwa moto Kanyonyoo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 24, huruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachofaa. Kiberiti hakimo katika kifungu hicho.

Tena makaa ni shauri gumu kuliko mchanga, na walimu wangefanya vyema kuwaachia wanafunzi walijadili. Mti alioupanda mtu shambani mwake, akaukata mwenyewe, ni jirani gani aliyenyang'anywa kitu? Mgunga wa porini, usiopandwa na yeyote, ni jambo jingine kabisa. Marufuku ya kusafirisha makaa hutazama gunia lililo barabarani, na gunia halisemi limetoka katika mti upi.