Mizunguko ya Injini ya Gokati: Lipia Sproketi, Usilipie Kelele

Muuza injini za gokati atakutangulizia namba kubwa: mizunguko elfu 6, elfu 14, hata elfu 16 kwa dakika. Wewe muulize: saa moja ya kukimbia itanila shilingi ngapi?

Ya bei ya chini kabisa ni injini ya pampu ya maji, ya cc 200 hivi. Huku kwetu utaipata katika maduka ya zana za kilimo, na vipuri vyake vimejaa. Ina gavana inayoizuia karibu na mizunguko 3,600. Vijana huing'oa wapate mwendo wa bure, lakini bure hiyo ni ghali. Flaiwili na konrodi zake hazikuundwa kwa kasi ya mashindano, na flaiwili ikipasuka vipande haviangalii vinamrukia nani. Ukishanunua flaiwili imara, konrodi na springi za valvu, umekaribia bei ya injini halisi ya mbio. Iache na gavana yake, ujifunzie uendeshaji.

Hatua ya pili ni injini ya mbio ya mipigo minne, cc 206, inayofungwa sili kiwandani. Inakomea mizunguko 6,100 na ina nguvu za farasi karibu 9. Marekani huuzwa chini ya dola 1,000. Sili hiyo ndiyo inayolinda mfuko wako, kwa kuwa mpinzani mwenye pesa haruhusiwi kuifungua na kuichonga ndani. Inatumia petroli tupu ya kituoni. Ukibadilisha oili kwa wakati, inakaa.

Ya tatu ni mipigo miwili, cc 125, inayopozwa kwa maji. Hapa unapata farasi 30, lakini andaa dola 3,000 na zaidi. Petroli yake huchanganywa na oili maalumu, na pistoni hubadilishwa kwa hesabu ya saa, si ya miaka. Tena tazama: mojawapo ya injini hizi zinazotumika sana hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 11,500, ingawa inafika karibu elfu 14. Juu ya 11,500 nguvu inashuka huku kelele na uchakavu vikipanda.

Kwa hiyo mizunguko bora haiuzwi pamoja na injini. Unaitafuta kwa sproketi. Kwa ile ya 6,100, lenga ifike huko pale tu unapokanyaga breki mwisho wa mstari mrefu zaidi wa njia. Ikigonga kikomo mapema, punguza meno ya nyuma. Isipofika, ongeza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mbele meno 18, nyuma 60: kwenye mizunguko 6,000, tairi la nyuma la inchi 11 linakupa kama kilomita 95 kwa saa. Ukiongeza jino moja nyuma, kwa mwendo uleule injini inazunguka mara 100 zaidi kwa dakika. Jino moja la mbele ni sawa na zaidi ya matatu ya nyuma, kwa hiyo usiliguse ovyo.

Sasa gharama zisizoandikwa kwenye tangazo. Cheni namba 219 na namba 35 haziingiliani. Ukikosea namba, sproketi zote ulizonunua ni chuma chakavu. Ukibadilisha meno mengi kwa mara moja, utahitaji na cheni ya urefu mwingine. Klachi iliyowekwa ishike kwenye mizunguko ya juu mno huteleza na kuungua. Na ukiagiza nje, VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, na inapigwa juu ya bei ikiwa imeshaongezwa ushuru. Nauli ya mzigo usiisahau.

Kipima mizunguko cha kuzungushia waya wa plagi kinatosha kabisa, mradi kinakumbuka namba ya juu uliyofikia. Vile vya skrini kubwa vya mamia ya dola viwasubiri wenye wafadhili.

Kama pesa ni kidogo na msimu umekaribia, chukua cc 206 yenye sili, kipima mizunguko cha bei nafuu na sproketi tatu za nyuma zinazopishana jino moja moja. Pesa itakayobaki nunulia matairi.