Ganzi ya Miguu na Vidonge vya Vitamini B

Mama mmoja wa makamo, anayetumia metformini kwa kisukari tangu miaka tisa iliyopita, alimimina mezani kwangu aina tatu za vidonge kutoka katika mfuko wa karatasi. Alivinunua duka la dawa bila cheti, na alikuwa akivimeza kwa miezi minane. "Usiku nyayo zinawaka moto, daktari," alisema, "na asubuhi nikikanyaga sakafu ni kama nakanyaga pamba."

Aina zote tatu zilikuwa na vitamini B6. Mojawapo ilibeba miligramu 200 katika kidonge kimoja, ilhali mahitaji ya mtu mzima kwa siku hayazidi miligramu 2. Wengi huamini kwamba vitamini ikizidi hutoka na mkojo na mambo yakaisha. Kwa B6 sivyo. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu saba waliopoteza hisia za miguu na mikono baada ya kumeza gramu 2 hadi 6 kila siku; baadaye madhara yameonekana hata kwa dozi ndogo zaidi, zikitumiwa kwa muda mrefu. Dalili zake ni zilezile anazozikimbia mgonjwa: ganzi, kuchomachoma, kuyumba gizani.

Na bado B6 ni dawa, mahali pake. Isoniazidi, inayotibu kifua kikuu, huzuia kazi ya vitamini hii mwilini. Kwa hiyo wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari na wanywaji wa pombe hupewa pamoja nayo miligramu 10 hadi 25 kwa siku.

Nilichokihofia kwa mama huyu kilikuwa B12. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu huo huharibu neva hata kabla damu haijapungua. Hutibika kwa sindano au vidonge, mradi ugunduliwe mapema. Lakini kipimo chake kilirudi kikiwa juu, kwa sababu vidonge vile vilikuwa na B12 pia. Hatukuweza tena kujua kama ganzi ilianzishwa na upungufu, na sukari, au na B6 yenyewe. Damu ingechukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza, tungelijua. (Nakiri kwamba katika miaka ile tisa hakuna mtaalamu aliyeiagiza, na lawama hiyo si ya mgonjwa.)

Nilipomvua viatu na kugusa nyayo kwa uzi wa nailoni, hakuhisi kitu. Chini ya kidole gumba cha kulia palikuwa na kidonda asichokuwa na habari nacho.

Tulisimamisha vidonge vyote vitatu, tukatibu kidonda, tukarekebisha dawa za sukari, na binti yake akafundishwa kumkagua nyayo kila jioni. Baada ya miezi minne moto wa usiku umepungua. Kidonda kimefunga. Ganzi ya vidole ingalipo.